Monita inachezacheza? Usiulize inacheza vipi, uliza inacheza lini

Wiki iliyopita dada mmoja mwenye stesheneri kule Sakina, hapa hapa Arusha, kaja kwenye fremu yangu na bodaboda, monita kaipakata kaifunga na khanga kama mtoto, anasema fundi hii imekufa, inawaka inazima inawaka inazima na wateja wananikimbia, na huko mtaani kuna mtu kashamshauri aiuze skrepa. Nikaichomeka mezani kwangu nikaendelea na shughuli zingine, nusu saa, saa nzima, imetulia kama maji ya mtungi. Nikamuuliza dada hebu niambie vizuri, inacheza lini? Akafikiria kidogo, akasema "ee, hasa nikianza kutoa kopi." Basi mchezo uliishia hapo. Mashine ya fotokopi, sistimu yuniti, monita, feni na chaja tatu za simu vyote viko kwenye ekstensheni moja ya bei chee ambayo ukiigusa inachemka, mashine ikianza kupasha ile rola yake inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, vile vibati vya ndani ya ekstensheni vilishalegea zamani, na monita iliyochomekwa pembeni inakosa pumzi. Alichohitaji ni soketi nyingine ya ukutani tu, hela ya boda ikaenda bure.

Watu wengi wakija wanaanza kunionyesha kwa mikono jinsi inavyocheza, mara hivi mara vile. Mi hiyo hainisaidii sana maana matatizo kumi tofauti kwa macho yanafanana kabisa. Lini ndo inayosema ukweli. Asubuhi tu? Ukigusa meza? Jirani akichomelea? Ukifungua programu fulani? Kwahiyo kabla hujanunua kitu na kabla hujashika bisibisi, kaa nayo siku nzima uiangalie kama unavyomwangalia ng'ombe aliyeacha kula.

Afu kuna kipimo cha bure ambacho sijui kwanini watu hawakifanyi. Picha ikiwa inachezacheza, bonyeza vile vibatani vya monita yenyewe vya chini au pembeni mpaka menyu yake itokee, ile ya kuongeza mwanga na rangi. Menyu ile haitoki kwenye kompyuta, inachorwa na monita ndani kwa ndani. Sasa angalia: menyu ikiwa imetulia tuli na picha ya nyuma yake ndo inaruka, basi monita ni nzima, tatizo liko kwenye waya au kompyuta. Menyu nayo ikiruka pamoja na picha, basi ni monita au umeme unaoingia kwenye monita. Ukitaka uhakika zaidi chomoa kabisa waya wa picha uache wa umeme peke yake, itakuandikia "No Signal", yani haipati picha, na ule mwandiko ukikaa sekunde chache bila kutetema umeshajua upande gani usipoteze mda. Ila ikiwa inakuwa nyeusi kabisa sekunde moja afu inarudi kama ndo imewashwa saa hiyo, mara nyingi hiyo inapoteza mawasiliano na kompyuta, na hata menyu itapotea nayo, kwahiyo isikudanganye.

Tuanze na umeme maana huku kwetu ndo lawama ya kwanza. Kila mtu anasema umeme ni mdogo. Mi nakwambia geuza monita usome ile stika ya nyuma, karibu zote utakuta 100-240V, yani hata umeme wako wa 230 ukishuka mpaka 170 ilitakiwa iendelee kuwaka kama kawaida. Ikicheza kwasababu umeme umepungua kidogo tu, basi pawa ya ndani ya monita imeshachoka na umeme mdogo umeifichua. Kinachosumbua kweli ni umeme unaokatika vipande vidogovidogo, na huo mara nyingi unatokea ndani kwako mwenyewe: plagi imelegea, ndani ya plagi ya pini tatu fyuzi imekaa vibaya na imeungua ungua, waya wa pawa haujazama mpaka mwisho pale nyuma ya monita. Shika ule waya uutikise polepole huku unaangalia kioo. Kikikonyeza, badilisha waya, ni ule ule unaotumika kwenye sistimu yuniti kwahiyo hata wa kuazima upo.

Stabilaiza za bei rahisi nazo zina mambo. Ukisikia tak, tak, tak na kila tak monita inakonyeza, ile ni swichi ya ndani inahama kutoka waya mmoja kwenda mwingine na kwenye kuhama kuna upenyo mdogo ambao umeme haupo. Nimekuta mtu wa Unga Limited amezungukwa na mafundi geti pande zote, kila wakigusisha chuma stabilaiza yake inapiga makofi kama kwenye harusi. Tukaichomoa tukachomeka monita moja kwa moja ukutani, ikatulia kuliko ilivokuwa inalindwa. Kwa sehemu kama ile bora yupiesi (UPS, kile kiboksi chenye betri kinachoshika umeme ukikatika) yenye betri nzima, na hapo sema nzima kwa herufi kubwa, maana yupiesi yenye betri iliyokufa ni mbaya kuliko kukosa yupiesi, ikijaribu kuhamia kwenye betri inakuta hakuna kitu na inazima kila kitu.

Sasa hii inayofuata ndo napenda kuielezea.

Inacheza asubuhi, ikipata joto inatulia. Baridi la Juni na Julai hapa Arusha linaniletea hizi mfululizo. Kuna mwalimu mstaafu wa Ngaramtoni, mzee wa watu, kanisimulia kuwa amezoea kuiwasha monita afu anaenda kunywa chai, akirudi imetulia anaanza kazi. Mwanzo ilikuwa dakika tano, baadae kikombe kimoja, mwaka huu chai inaisha na maandazi na bado inaruka. Nikamwambia shikamoo mwalimu, hiyo dawa ya chai inaelekea ukingoni. Mjukuu wake alishagundua ukiipuliza kwa nyuma na draya ya nywele inawahi kutulia, na yule mtoto bila kujua alikuwa ameshamaliza kazi ya fundi.

Ni kapasita. Ndani ya bodi ya pawa kuna kapasita za duara kama vikopo vidogo, zina majimaji ndani, na miaka ikienda yale majimaji yanakauka, zikikauka haziwezi tena kulainisha umeme unaokwenda kwenye taa na bodi. Zikiwa za baridi zinakuwa dhaifu zaidi, zikipata joto zinajikongoja. Na kinachozikausha ni joto lenyewe: kanuni wanayotumia mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka maisha ya kapasita yanapungua karibu nusu. Ndo maana monita iliyokaa Moshi, kachumba kidogo Majengo au Pasua, dirisha dogo, imesukumwa mpaka imegusa ukuta na juu imewekewa kitambaa cha kufuma, inazeeka upesi. Nina utani wangu kuwa Moshi inaziua afu Arusha inazitangaza. Na kama monita yako ni ya miaka ya 2000 hivi mwanzoni usishangae kabisa, kipindi kile kapasita mbovu zilijaa dunia nzima kwenye monita na madabodi, zile bodi kuu za kompyuta.

Ukifungua utaziona, kichwa badala ya kuwa bapa kimevimba kama andazi, au kuna uchafu wa kahawia umetoka chini. Ila kuna zingine hazivimbi na ni mbovu, kwahiyo mi nikifungua nabadilisha zote za upande wa volti ndogo kwa pamoja, bei yake yote haifiki chipsi mayai. Uwezo wa maikrofaradi uwe uleule, volti ziwe zilezile au juu kidogo, kama ilikuwa 16V unaweza kuweka 25V ikitosha nafasi, chagua iliyoandikwa nyuzi 105 na wala usichukue ya 85, na angalia ule mstari wa pembeni ndo upande wa hasi, ukigeuza itapasuka usoni kwako.

Na hapa nitakuwa mkali kidogo. Ile kapasita moja kubwa kuliko zote kwenye bodi ya pawa imeandikwa 400V au 450V, inakaa na umeme wa volti karibu 325 na hauishi kwa kuchomoa plagi. Nishaona kijana anaruka kutoka kwenye kiti. Kama hujawahi kushika mita ya kupimia umeme au hujui kuimaliza ile chaji, peleka kwa fundi, hakuna aibu. Kwenye monita za zamani za taa za neli kuna bodi nyingine ya kuwashia zile taa nayo inatoa mamia ya volti, zingine zinapita elfu moja pale inapoanza kuwaka.

Zinazotumia adapta ya nje hizo rahisi. Kabla ya yote soma adapta, kuna za 12V, za 14V, za 19V, na pini zinaweza kuingiliana kabisa. Watu wananunua monita yuzidi bila adapta, wanachukua yoyote inayoingia, monita ya 14V inapewa 12 inawaka lakini mwanga unapepesa. Ampea nazo zisiwe chini ya zilizoandikwa kwenye monita.

Kama inawaka vizuri sekunde mbili afu giza, chukua tochi ya simu uimulike kioo kwa upande kwa karibu. Ukiona picha ipo kwa mbali kama kivuli basi picha ni nzima na ni taa ya nyuma ndo imezima, ama taa zimekufa ama bodi inayoziwasha imejilinda. Hiyo inatengenezeka, usikubali kuuziwa kioo.

Haya, menyu imetulia na picha ndo inaruka. Twende kwenye waya. VGA, ule wa buluu wenye pini 15, una skurubu mbili pembeni na zile skurubu hazikuwekwa kwa urembo, zikaze. Angalia pini hakuna iliyolala. Rangi ikiwa ya njano au ya waridi na inabadilika ukigusa waya basi pini moja haigusi. Ukiona mistari mipana inapanda taratibu kutoka chini kwenda juu kama mawimbi, na ukigusa kasha la kompyuta unasikia kamshtuko, hiyo ni habari ya waya wa ardhi, ule wa kijani na njano: ama haupo kwenye nyumba ama monita na kompyuta zimechomekwa sehemu mbili tofauti. Chomeka zote kwenye soketi moja uone, na kama ardhi haipo ita fundi umeme, hiyo haina mzaha.

HDMI ikizingua inazingua kivyake, inakuwa nyeusi sekunde moja moja au inatupia nuktanukta nyeupe kama chenga. Waya mrefu wa mita kumi na tano wa bei ya kutupa ndo mshukiwa wa kwanza, jaribu mfupi. Halafu kuna vile vibadilishi vya HDMI kwenda VGA, naviona sana sasa ivi kwasababu kompyuta ndogo mpya hazina VGA na watu wana monita zao za zamani. Vile vinakula umeme kutoka kwenye tundu la HDMI, na lile tundu linalazimika kutoa miliampea 55 tu, kompyuta zingine zinatoa zaidi zingine hazitoi, ndo maana kifaa kilekile kwako kinacheza kwa jirani kimetulia. Nunua chenye katundu pembeni ka kuchomeka waya wa simu ukipe umeme wake. Kikiwa cha moto sana mkononi, nacho kinakaribia kwisha.

Na kuna kisa cha kiti. Ofisi moja Njiro waliniita kwamba monita ya bosi ina mashetani, kila akinyanyuka inakuwa nyeusi afu inarudi. Nilibadilisha waya mara mbili nikarudi nyumbani kichwa kinauma. Siku ya tatu nikakaa mwenyewe kwenye kiti chake, nikanyanyuka, nyeusi. Nikakaa cha mgeni cha mbao, nikanyanyuka, hamna kitu. Kile cha bosi ni kiti cha kupanda na kushuka kwa gesi, vile vinaweza kutoa cheche ndogo ya umeme tuli usiyoiona, hasa hewa ikiwa kavu, na waya wa picha unaidaka kama antena. Linajulikana kabisa hili, watengenezaji wa vifaa vya monita wameshaliandika. Nikaweka waya mfupi wenye kinga nzuri na lile bonge gumu la feraiti karibu na ncha, nikausogeza mbali na kiti. Bosi mpaka leo anaamini nilikuja na mtu wa maombi.

Waya ni mzima, kompyuta sasa. Iwashe uingie BIOS, ile kurasa ya mipangilio inayokuja kabla ya Windows, kwa kubonyeza F2 au Delete au F10 kutegemea na mashine, uiache pale dakika kumi na tano. Isipocheza huko na Windows ikiingia inacheza, vifaa ni vizima, ni programu. Hapo bonyeza Ctrl na Shift na Esc, Task Manager itafunguka. Kila kitu kikiwa kinaruka na Task Manager nayo inaruka, mtuhumiwa ni draiva ya picha, ile programu inayoendesha kadi ya picha. Vingine vikiruka na yenyewe imetulia, kuna programu moja imekorofisha, kumbuka uliweka nini wiki hii, antivairasi au ile ya kubadilisha picha za ukutani, iondoe. Kwenye draiva, kama ilianza baada ya apdeti irudishe ya zamani kupitia Device Manager, pale Display adapters, sehemu ya Roll Back. Ikiwa ile batani imefifia haibonyezeki, ifute draiva uweke upya. Na kwa dharura unapokuwa katikati ya kazi ya mteja, bonyeza kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, kioo kitakonyeza mara moja na draiva itajiwasha upya bila kupoteza kazi yako.

Angalia pia idadi ya hezi, yani kioo kinachora picha mara ngapi kwa sekunde, kwenye Settings, System, Display, Advanced display. Machalii wa magemu wanapandisha mpaka 75 kwenye monita ya 60 afu wanalalamika. Rudisha 60. Mwenye monita ya chogo bado, na mnajijua, kwenu ni kinyume, 60 ndo inaumiza macho, pandisheni 75 au 85 kama inakubali.

Vimiraba vya rangi rangi vinavyotapakaa ukicheza gemu ni kadi ya picha inachemka au inakufa. Toa vumbi, kiangazi hiki cha kwetu utatoa kilo.

Laptopu ikicheza ukisogeza kioo mbele na nyuma ni ule waya mwembamba unaopita kwenye bawaba, umechoka kukunjwa. Ichomeke kwenye monita ya nje, ya nje ikitulia huna haja ya kugusa madabodi. Inayocheza ikiwa kwenye betri tu na kwenye chaja imetulia, hiyo ni mipangilio ya kubana chaji, ingia kwenye programu ya picha ya Intel uzime Panel Self Refresh na ile ya kupunguza mwanga.

Kuna mama mmoja yuko Moshi kanitumia video ya WhatsApp, mistari myeusi inapita kwenye kioo kama pundamilia, anauliza mwanangu apande basi ailete? Nikamwambia mama, weka simu chini uangalie kwa macho yako, unaiona? Akanijibu hapana. Ni kamera tu, inapiga picha kwa kasi isiyolingana na ya kioo. Ila ngoja, hiyo kamera ina matumizi yake. Kama macho au kichwa kinakuuma usiku ukipunguza mwanga, kuna monita zinazopunguza mwanga kwa kuwasha na kuzima taa haraka haraka, jicho halioni ila linachoka. Piga video mwanga ukiwa chini, kisha upandishe mpaka 100 upige tena. Mistari ikipotea ni hiyo. Haijaharibika, ndo ilivyotengenezwa, iache mwanga juu na upunguze ukali kwa programu.

Ya mwisho ni ile ukibonyeza fremu kwa kidole mistari ya wima inakuja na kuondoka. Ule ni utepe uliogundishwa kwenye kioo umeachia, na vifaa vya kuugundisha tena mi sina, wala sijakutana na fundi wa mtaani anayeufanya ukadumu. Kuna wanaobana na kipande cha mpira wa ndala kwa ndani, inashika wiki mbili tatu. Hiyo usinunulie kioo kipya maana bei yake na ya monita yuzidi ni zilezile. Chomoa bodi ya pawa, adapta, stendi na waya uviweke kwenye boksi, mi mwenyewe nanunua hivyo vitu.